Refa Mpya Asiachwe Peke Yake: Namna ya Kulea Waamuzi wa Soka Mtwara na Lindi

Ilikuwa fainali ya kombe la mbuzi, kijiji kimoja juu ya uwanda wa Makonde, uwanja wa mchanga uliozungukwa na mikorosho. Kijana aliyepewa kipyenga alikuwa ametoka kozini wiki tatu tu nyuma. Kipindi cha kwanza alichezesha vizuri kuliko nilivyotarajia. Dakika za lala salama akatoa penalti, tena penalti ya halali, beki alimkwatua mtu mchana kweupe. Ikafungwa. Kipyenga cha mwisho kilipolia, waandaaji wakamkimbilia mbuzi, wachezaji wakakimbiliana wenyewe kwa wenyewe, na bodaboda iliyomleta refa ikawa imeshapakia abiria mwingine. Kijana akaondoka kwa miguu, giza linaingia, jezi yake ndani ya rambo, watoto nyuma yake wakiimba "refa kauzwa!" Hakuchezesha tena.

Mimi nilikuwepo upande wa pili wa uwanja, nimekuja kama mtazamaji. Na mimi nilipanda chombo changu nikaondoka bila kumtafuta.

Tunapenda kusema waamuzi wetu hawajui sheria. Wapo wasiozijua, kweli. Lakini wengi tunaowapoteza huku kusini wanazijua vya kutosha. Walichokosa ni mtu wa kusimama nao katika mechi ishirini za mwanzo. Darasa la kwanza nililosaidia kuendesha lilijaza madawati yote. Msimu wa pili, waliobaki wangeenea kwenye Noah moja na nafasi ya mzigo ikabaki. Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyekabidhiwa kazi ya waamuzi: kamati za wilaya, watu wa MTWAREFA na LIREFA (vyama vya soka vya mikoa ya Mtwara na Lindi), walimu wa michezo, hata mwandaaji wa kombe la kata anayetaka mashindano yake yaishe bila ngumi.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kozi

Kosa letu kubwa ni kuanza na kozi. Anakuja mkufunzi, vyeti vinatolewa, picha zinapigwa, halafu Jumamosi inayofuata hakuna anayejua nani yuko wapi. Anza na daftari. Andika mechi zote zinazochezwa katika eneo lako wikiendi ya kawaida: ligi ya wilaya, vijana, wanawake, ndondo, kombe la diwani. Kila mechi inahitaji watu watatu, mmoja wa kati na wawili wa vibendera. Mechi 8 ni nafasi 24. Kama mtu mmoja anaweza kubeba mechi mbili kwa wikiendi bila kuchoka, unahitaji watu 12 walio tayari kweli, si 12 walio kwenye orodha.

Kisha waandike hao watu kwa namna itakayokusaidia. Jina na simu havitoshi. Andika analala wapi Ijumaa usiku, maana mwalimu anaweza kuwa na kituo Nanyumbu na familia Masasi. Andika nauli ya bodaboda kutoka kwake hadi kila uwanja, kwenda na kurudi, ya kiangazi na ya masika, kwa sababu bei hizo si moja. Andika siku asizoweza. Na andika ana undugu na timu ipi. Huku kwetu mjomba si mtu wa kupita: mwamuzi anayechezesha timu ambayo mjomba wake ndiye mwenyekiti yuko matatani hata akichezesha kwa haki kama malaika. Akiwapa penalti, kapendelea. Akiwanyima, jioni ana kikao nyumbani.

Daftari hilo ndilo litakaloamua kozi ifanyike wapi. Wilaya za Lindi zimetawanyika sana. Mtu wa Liwale ukimwita Lindi mjini kwa siku mbili umemtia gharama ya wiki nzima. Afadhali mkufunzi mmoja asafiri kwenda Nachingwea, akutane huko na watu wa Liwale na Ruangwa, kuliko watu ishirini wasafiri kumfuata mkufunzi.

Hatua ya 2: Watafute, usingoje waje

Tangazo ukutani huleta wale wale. Nenda ulipo mpira. Mchezaji aliyeumia goti lakini haachi kuja mazoezini. Mwalimu kijana wa shule ya msingi ambaye tayari anachezesha mechi za watoto kwa kipyenga cha kuazima. Vijana waliomaliza kidato cha sita wanaongoja majibu. Madereva wa bodaboda nawapenda sana kwa kazi hii: wanajua njia zote, hawaogopi kelele, na nauli ya kurudi si tatizo. Usimchukue katibu wa timu, hata akiapa. Hata akiacha ukatibu leo, watu watamwita katibu kwa miaka mitano.

Wanawake watafute kwa makusudi. Jonesia Rukyaa alipewa mechi ya ligi ya Yanga na Simba mwaka 2016, na Januari 2022 Salima Mukansanga wa Rwanda akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya fainali za AFCON. Majina haya yanasaidia kumshawishi binti. Hayasaidii sana kumshawishi mama yake. Kwa mama unakwenda mwenyewe, unabisha hodi, unaamkia, unakaa. Maswali yatakuwa matatu: atarudi saa ngapi, anarudi na nani, atabadilishia nguo wapi. Kama huna majibu, rudi nyumbani uyatafute. Mimi niliwahi kwenda bila jibu la swali la tatu. Bibi mmoja akanitazama kutoka kwenye mkeka wake akasema, "Mwanangu, unataka mjukuu wangu avue nguo nyuma ya mkorosho?" Nikaaga. Siku niliyorudi nilikuwa nimeshazungumza na mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani na uwanja, ofisi ifunguliwe na ufunguo akae nao mwalimu wa kike. Binti akaruhusiwa siku hiyo hiyo.

Kwa aliye chini ya miaka 18, ridhaa ya mzazi iandikwe, na asipangiwe mechi ya watu wazima.

Hatua ya 3: Kozi ianzie uwanjani

Kozi yenye cheti inapitia kwa wakufunzi wanaotambuliwa na shirikisho la soka, TFF, na chama cha waamuzi, FRAT. Hilo usilikwepe, kwa sababu mtu akitaka kupanda daraja baadaye ataulizwa. Lakini namna ya kuitumia siku yako ya kozi ni juu yako, na ushauri wangu ni huu: asubuhi ya kwanza kusiwe na ubao. Wape kamba.

Kamba ni kifaa cha refa wa mchangani kuliko hata kadi. Nunua kamba ya manila, si ya katani, maana katani ikilowa inabadilika urefu. Iwe na mita 17 hivi. Funga mafundo kuanzia ncha moja: mita 1, mita 5.5, mita 9.15, mita 11, mita 16.5. Kwa mafundo hayo matano unachora karibu kila kitu: robo duara ya kona, eneo dogo la goli, umbali wa ukuta na duara la kati, alama ya penalti, na eneo la penalti. Goli lenyewe ni upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Eneo la penalti hupimwa kuanzia ukingo wa ndani wa nguzo ya goli: 16.5 kwenda pembeni, 16.5 kwenda mbele. Tao la juu ya eneo hilo linachorwa kwa fundo la 9.15, ncha ya kamba ikishikiliwa kwenye alama ya penalti. Chokaa ikikosekana majivu yanatosha. Mtu aliyechora uwanja kwa mikono yake, akainama juani na mwenzake ameshika ncha ya pili, hatauliza tena "hivi ukuta unakaa wapi?" Ameuona kwa mgongo wake.

Sheria ziko 17. Usizifundishe zote kwa uzito mmoja. Vurugu nyingi za mchangani zinatoka kwenye vitu vitatu: kuotea, kunawa, na kile kinachofuata baada ya kipyenga.

Kuotea fundisha kwa vizibo vya soda juu ya meza, kisha kwa watu uwanjani. Kinachohesabika ni kichwa, kiwiliwili na miguu. Mikono haihesabiwi, ya kipa nayo ikiwemo. Mpira uliotoka moja kwa moja kwenye goli kiki, kona au kurusha hauna kuotea. Na kuwa mahali pa kuotea peke yake si kosa mpaka mtu aingilie mchezo. Hili la mwisho ndilo linalowatoa jasho washika vibendera wapya, wananyanyua mapema kama wanaosimamisha daladala. Wafundishe kungoja pumzi moja.

Kunawa, mfanye kila mmoja anyanyue mkono wake na kugusa chini ya kwapa: mpaka wa mkono unaanzia usawa huo. Bega si mkono. Kisha jadilini kama mkono umeutanua mwili isivyo kawaida, na hapo mtabishana hadi chakula cha mchana, jambo ambalo ni jema.

Kuna mabadiliko yanayohitaji kuelezwa kwa timu kabla hayajatokea. Tangu msimu wa 2025/26, kipa akishika mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, timu pinzani inapewa kona. Zamani ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Refa ananyoosha mkono na kuhesabu sekunde 5 za mwisho ili kipa aone. Ukitoa kona hiyo kijijini bila kuwaeleza manahodha mapema, utaambiwa umetunga sheria yako. Nimeona refa akifungua simu katikati ya uwanja kutafuta ukurasa wa sheria ili ajitetee. Simu ibaki kwenye begi.

Kipyenga nacho ni lugha. Faulo ndogo, mlio mfupi. Faulo mbaya, mlio mrefu wenye hasira kidogo. Waweke wanafunzi mstari mmoja, wageuze migongo, mmoja apulize na wengine wakisie ni kosa gani. Atakayepuliza kila kitu kwa mlio mmoja atajisikia mwenyewe.

Hatua ya 4: Mechi ishirini za mwanzo

Hapa ndipo programu inapofia, kwa hiyo hapa ndipo uweke nguvu na fedha zako.

Usimpe mtu mpya fainali. Hata kama ni yeye tu aliye karibu, hata kama mwandaaji analia. Aanze na kibendera kwenye mechi za shule. UMITASHUMTA (shule za msingi) na UMISSETA (sekondari) ngazi ya kata na wilaya zinatoa mechi nyingi kwa siku chache, mbele ya walimu wanaojua kunyamazisha watoto. Baada ya hapo apewe kati kwenye mechi za vijana wa chini ya miaka 15. Kisha kibendera kwenye mechi za wakubwa, akiwa na refa wa kati aliyekomaa. Kati ya wakubwa ije mwisho, na iwe mechi isiyo na mbuzi.

Kila mtu mpya awe na mlezi, refa mwenye miaka kadhaa kazini. Kazi ya mlezi ni ndogo lakini ina masharti. Anafika uwanjani pamoja na kijana, si baada yake. Anakaa upande usio na mabenchi ya timu. Hapigi kelele, haonyeshi ishara, hatikisi kichwa, kwa sababu makocha wanamtazama yeye kuliko wanavyomtazama refa. Akitikisa kichwa mara moja, kijana amekwisha. Mapumziko anasema jambo moja tu. Moja. "Sogea karibu zaidi na eneo la penalti" inatosha. Ukimpa matano atarudi uwanjani akiwa na kikao kichwani.

Baada ya mechi ndiyo kazi yenyewe. Mnakaa chini ya mti, maji yapo, jasho halijakauka. Mlezi anauliza, hahutubii. Nakumbuka mazungumzo ya namna hii kati ya mlezi mmoja wa zamani na binti aliyekuwa amechezesha mechi yake ya pili ya kati:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kunywa maji kwanza. Bao la pili, ulikuwa umesimama wapi?"

"Katikati."

"Katikati ya nini?"

Akafikiri. "Katikati ya uwanja."

"Mpira ulikuwa wapi?"

"Kwenye kumi na nane."

"Basi ulilionaje?"

"Sikuliona, mwalimu. Nilimwangalia mshika kibendera."

"Ulifanya vizuri kumwangalia. Kesho ufike mwenyewe."

Hakumwambia alikosea. Wiki iliyofuata nilimwona yule binti akikimbia ulalo wake, kona hadi kona, kama aliyefungwa kamba kiunoni. Mlezi wa aina hiyo ni adimu, na si kila refa mzuri ana moyo wa kulea. Wapo waliochezesha miaka ishirini na wanachojua ni kusema "sisi zamani tulipigwa mawe na hatukulalamika." Hao wape vibendera, usiwape watoto.

Watu wengine wanapendekeza mwamuzi mpya avae kitambaa cha rangi mkononi ili mashabiki wampunguzie makali. Tumejaribu. Kwenye mechi za watoto kilisaidia, wazazi walipoa. Kwenye mechi za wakubwa wachezaji walikiona kitambaa kama kibali cha kumzonga. Kiishie kwa watoto.

Hatua ya 5: Posho ilipwe kabla ya mpira kuanza

Wakulima wa korosho wanaijua kangomba: mtu anakuja wakati una shida, ananunua mali yako kwa bei ya kutupa kabla hujafika mnadani. Refa asiyejua atalipwa lini yuko kwenye hali hiyo hiyo. Atakayemnunua hahitaji fedha nyingi, anahitaji kuwa na nauli ya kurudi tu.

Kwa hiyo: kiwango cha posho kiandikwe kabla ya mashindano, nauli ikae pembeni na posho, na fedha yote ya raundi ikabidhiwe kwa mtu wa tatu, mtu wa kamati ya waamuzi au mwalimu anayeaminika, kabla raundi haijaanza. Malipo yatumwe kwa simu asubuhi ya mechi ili kuwe na kumbukumbu. Asiyekabidhi fedha hapewi waamuzi. Mara ya kwanza utaonekana mkorofi, mara ya pili watazoea.

Nimejifunza hili kwa tumbo. Mwaka mmoja tulichezesha nusu fainali mbili siku moja, mwandaaji akatuambia kiingilio hakikutosha. Tukapewa nusu ya posho na kuku mmoja, hai, kwa waamuzi watatu. Tulirudi mjini na kuku akiwa kwenye begi la vibendera, na mpaka leo sijui tungemgawaje. Tulimwachia dereva.

Hatua ya 6: Usalama upangwe asubuhi, si kipyenga cha mwisho

Kabla ya kukubali mechi ya watu wazima, mwandaaji ajibu: mgambo au polisi wangapi, kamba ya kuzuia watazamaji ipo, waamuzi wanabadilishia wapi, chombo cha kuondokea ni kipi. Bodaboda ya waamuzi iegeshwe pua ikitazama barabara, na dereva wake asilipwe nauli ya kurudi mpaka amewafikisha. Ni jambo dogo, lakini yule kijana wa fainali ya mbuzi angeondoka amepanda.

Msimu wa mabibo ongeza tahadhari. Uraka, pombe ya mabibo, unashuka kirahisi jua likiwa kali, na saa kumi jioni pembeni mwa mstari kuna watu ambao saa nne asubuhi walikuwa wastaarabu. Mechi zenye ushindani zikitangulizwa, saa nane badala ya saa kumi, utaona tofauti. Joto litawachosha wachezaji, basi weka mapumziko ya maji.

Wafundishe waamuzi wa kundi lako utaratibu wa siku mbaya, na waufanyie mazoezi kama mazoezi ya moto. Ukizongwa, simama, usirudi nyuma kwa kukimbia, mwite nahodha na uzungumze na yeye tu. Vibendera wanaingia na kusimama karibu nawe. Hali ikizidi, simamisha mchezo. Sheria inakupa mamlaka ya kuuvunja pale watu wa nje wanapouingilia. Usigombane kuhusu uamuzi, usimrudishie mtu mkono, usitoe kadi katikati ya rabsha, kariri namba ya jezi. Timu ikibaki na wachezaji chini ya 7, mechi haiendelei. Ripoti iandikwe usiku ule ule, kwa maneno makavu: dakika, namba, kilichofanyika, kilichosemwa. Usiandike "alinitukana matusi mazito." Andika tusi lenyewe. Kamati haiwezi kuadhibu uzito.

Na aliyepigwa asiachwe akapambane peke yake polisi. Mtu wa kamati aende naye, na waamuzi wote wasipangwe kwenye uwanja ule mpaka shauri lisikilizwe. Uwanja mmoja ukikaa wikiendi mbili bila waamuzi, wazee wa kijiji wenyewe watawatafuta wahusika.

Hatua ya 7: Mwili

Hapa nitapita haraka. Mtihani wa utimamu unaotumika ngazi za juu una sehemu mbili: mbio 6 za mita 40 kwa kasi, kisha mita 75 za kukimbia na mita 25 za kutembea, kurudia mara 40, sawa na mizunguko 10 ya njia ya mita 400. Muda unaoruhusiwa unategemea daraja. Refa wa wilaya hahitaji kufikia hapo kesho, lakini aanze na mizunguko minne kila wiki, kwa kundi, siku maalumu. Mtwara mjini ufukwe wa Shangani unafaa maji yakitoka. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yahamie baada ya futari, na usimpime mtu mchana wa funga ukaandika kwamba hana pumzi.

Hatua ya 8: Tathmini na kupanda

Mtathmini asiwe mlezi. Mlezi anaambiwa siri; mtathmini anaandika. Ukivichanganya, kijana ataacha kusema "sikuliona."

Fomu iwe ukurasa mmoja: alikuwa wapi wakati wa matukio makubwa, kadi alizotoa na alizopaswa kutoa, namna alivyoshirikiana na vibendera, namna alivyozungumza na wachezaji. Aisome mwenyewe kabla haijapelekwa popote, aweke saini na maoni yake. Tathmini zinazofungwa kwenye kabati huzaa maneno kwamba wanaopanda ni watoto wa watu.

Mechi kubwa zikija, zitumie kama darasa. Namungo wakicheza nyumbani Uwanja wa Majaliwa kule Ruangwa, au kukiwa na mchezo uwanja wa Ilulu, Lindi, au Nangwanda Sijaona, Mtwara, wapeleke vijana wanne wenye madaftari na uwakataze kutazama mpira. Mmoja amwangalie refa wa kati peke yake dakika 20: anageuka lini, anatembea lini, anazungumza na nani. Mmoja kibendera. Kama inawezekana, ombeni wakaone waamuzi wakipasha moto. Wakirudi kwenye gari watakuwa na maswali ambayo hakuna kitabu kingewafanya wayaulize.

Hatua ya 9: Kalenda ifuate korosho

Kuanzia Oktoba hadi Desemba korosho zinauzwa, fedha ipo, na kila kijiji kina kombe. Waamuzi wako nao ni wakulima: wanaokota, wanapeleka ghalani, wanangoja mnada. Usipange mtu mechi siku ambayo chama chake cha msingi cha ushirika kinapokea mzigo. Januari hadi Machi mvua ni kali na njia nyingine hazipitiki, basi masomo yaende kwa simu: klipu fupi moja kila Jumatano, swali moja, kila mtu ajibu kwa sauti yake mwenyewe. Klipu iwe nyepesi, bando si bure. Aprili na Mei fanya kozi, ili watu wapya wawe tayari kwa mashindano ya shule. Baada ya hapo wengi wanaingia kupulizia dawa mikorosho, hivyo mechi zao ziwe za wikiendi.

Jumatatu usiku, kila wiki, mratibu apige simu. Apige kweli, asitume ujumbe. Aanze na walioshika kipyenga mara ya kwanza wikiendi ile, kisha waliopata matatizo, kisha wengine. Dakika tatu zinatosha kwa kila mmoja: umefikaje nyumbani, umelipwa, nini kilikusumbua. Andika majibu kwenye lile daftari.

Mtu akikwambia "wikiendi hii nina shughuli", mwelewe. Akisema hivyo mara ya pili mfululizo, usimpigie tena. Panda bodaboda uende kwao, na kama kuna posho anayodai, nenda nayo mfukoni.